Pilipili manga na kifua cha muchimbaji

Kisha mukutano mumoja wa sendika yetu, mama mumoja aliningojea ku mulango. Mu mukono alikuwa na chupa kidogo, zamani ilikuwa ya kahawa, na ndani mulikuwa kitu cheusi chenye kushikana sawa gundi. "Kamaradi, onja," akaniambia. "Ni pilipili manga, tangawisi na buki. Ninapatia baba ya batoto kijiko asubui na kijiko mangaribi. Muhindi wa duka ndiye alituambia, kwabo bazee banatunza nayo kifua. Lakini sasa ni mwezi wa ine, na kifua iko palepale."

Nilionja. Mbele ilikuwa tamu, kisha ikawaka mupaka ku masikio. Nikamuuliza kama bwana yake alishafanya radio ya kifua. Akaangalia chini. "Anaogopa. Anasema bakiona kitu mu radio batamufukuza ku kazi."

Yule bwana ninamujua. Amepiga mashini ya kutoboa jiwe chini ya udongo zaidi ya miaka 15. Nilirudia ku nyumba na ladha ya ile dawa ingali ku ulimi, na tangu siku ile nimesoma na kuuliza: hii pilipili manga inatoka wapi, Wahindi wanaitumikisha namna gani kabisa, na inaweza kufanya nini ku kifua cha mutu mwenye amekula vumbi ya jiwe? Nimepata mambo mengi ya kufurahisha, na moja lenye halifurahishi.

Jina lenye lilihama

Sisi huku tukisema pilipili bila kuongeza neno, kila mutu anafikiri ile nyekundu, piment. Ile ya mbegu nyeusi tunaiita pilipili manga, ao tunasema tu poivre sawa Wafaransa. Lakini nyekundu ndiyo mugeni. Ilitoka Amerika, na mbele ya safari ya Kristofa Kolombo ya mwaka 1492 hakuna mutu mu Afrika ao mu India mwenye alikuwa ameionja. Jina lilikuwa la nyeusi na ndugu yake mwenye umbo ya murefu. Kwa Kisanskriti, luga ya zamani ya India, ile ndefu inaitwa pippali. Waajemi wakasema pilpil, Waarabu filfil, watu wa pwani wakasema pilipili. Upande mwingine Wagiriki walisema peperi, Waroma piper, Wafaransa poivre. Kwa hiyo wakati mama anasema pilipili mu jikoni na mutoto wake mwenye kutoka masomo anasema poivre, wote wawili wanatamka neno moja lenye lilipita njia mbili.

"Manga" nayo ni jina lenye watu wa pwani walikuwa wanaita inchi za Waarabu, zaidi sana upande wa Omani, kwa sababu mashua za kule ndizo zilileta ile pilipili. Kisha nyekundu ikafika na Wareno, ikaota kila fasi hata kando ya choo, haikuomba feza ya mutu, na ikakamata jina lote. Nyeusi ikabakia na jina la kuongeza, sawa mutoto wa kwanza mwenye amenyanganywa jina la baba.

Muti wake ni wa kupanda juu ya muti mwingine, sawa vile maharagi inazunguka fito. Kwao ni kusini ya India, ku milima yenye kutazama bahari, fasi yenye iliitwa Malabar na leo ni jimbo la Kerala. Unataka joto na mvua nyingi. Matunda yanashikana mu kishada kirefu, ndogo ndogo. Ukiyachuma mabichi na kuyaanika ku jua siku chache, ngozi inakunjamana na kuwa nyeusi. Ukiyaacha yakomae, ukayaloweka mu maji na kutosha ngozi, unapata ile nyeupe. Ni muti mumoja. Mu pori zetu za Kongo kunaota ndugu yake mwingine, yenye wanasayansi wanaita Piper guineense, na wazee wa pori waliitia mu chakula na mu dawa bila kungojea mashua ya mutu.

Shaba kwa pilipili

Hapa ndipo mimi mutu wa shaba nilishangaa. Karibu miaka 2000 iliyopita, mufanyabiashara mumoja wa Misri mwenye kusema Kigiriki aliandika kitabu cha njia za bahari, chenye kuitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anaeleza pwani ya Afrika ya mashariki mupaka ku soko moja la Rhapta, kisha anavuka na kueleza bandari za India. Juu ya Muziris, bandari kubwa ya pilipili kule Malabar, anahesabu vitu vyenye mashua zilikuwa zinapeleka: sarafu nyingi, nguo, marijani, vioo, na kisha shaba, bati na plombo. Zilirudia na pilipili. Ni kusema wakati ule tayari kulikuwa watu mu shimo, wanatosha shaba, ili mutu mwingine, mbali kabisa, atie kitu kikali ku nyama yake.

Na ilipendwa kweli. Zamani zaidi, kule Misri, wakati walitayarisha maiti ya Farao Ramses wa 2, mwenye alikufa mwaka 1213 mbele ya Kristo, walimutia mbegu za pilipili manga mu matundu ya pua. Waroma walikuwa na mashua nyingi mu njia ile. Mwandishi Strabo anasema kila mwaka mashua mupaka 120 zilitoka ku bandari moja ya Misri kwenda India. Plinius, Muroma mwingine, hakuelewa. Aliandika ginsi tunda lenye halina kitu kingine kizuri isipokuwa kuuma ulimi limekuwa linapimwa ku mizani sawa zahabu. Akaacha bei pia: libra moja, ni kusema karibu gramu 327, ya nyeusi ilikuwa denari 4, ya nyeupe 7, ya ile ndefu 15. Mimi, kwa mazoezi ya sendika, nikachukua kalamu. Askari wa Roma wakati ule alilipwa denari 225 kwa mwaka. Basi zile gramu 327 za nyeusi zilikula siku 6 na nusu za mushahara wake. Mu mwaka 408, wakati Alariki, mufalme wa Wagoti, alizunguka muji wa Roma na jeshi lake, hakuomba tu libra 5,000 za zahabu na libra 30,000 za feza nyeupe. Aliomba pia libra 3,000 za pilipili. Na walimupatia.

Kisha Waroma, Waarabu ndio walishika ile njia pamoja na Wahindi wa Gujarat, na watu wa Venezia walinunua ku Alexandria na kuuzisha Ulaya bei ya juu. Wareno walitaka kuruka hao wote. Vasco da Gama alizunguka Afrika, akapata mu Malindi mutu mwenye kujua njia ya bahari, na tarehe 20/05/1498 alifika karibu na Calicut, mu inchi ya pilipili yenyewe. Mara ya pili alirudia na mizinga. Mu mwaka 1502 aliunguza mashua yenye ilikuwa inarudisha mahujaji wa Maka, wanaume, wanawake na watoto ndani, na mwaka uleule alilazimisha sultani wa Kilwa alipe kodi ya zahabu. Mu mwaka 1505 Wareno wengine wakanyanganya Kilwa na Mombasa, wakajenga ngome kule Sofala ili washike zahabu yenye ilitoka ku wachimbaji wa ndani ya inchi, upande wenye leo ni Zimbabwe.

Zahabu ya nini? Ya kulipa pilipili. Wafanyabiashara wa Malabar hawakupenda sana vitu vya Wareno, walitaka metali. Ku bandari ya Kochi, pilipili ililipwa sehemu kwa sarafu na sehemu kwa shaba. Ile shaba ilitoka mu milima ya Ulaya, mu Tyrol na mu inchi yenye leo ni Slovakia, mu mashimo ya jamaa ya Fugger, matajiri wa Augsburg. Ilipita Anvers, kule Ubelgiji, kisha Lisbon, kisha ikazunguka Afrika yote mu tumbo la mashua, na ku Kochi ikageuka pilipili. Anvers, bandugu. Wazee wetu wenye walisoma ku makarton jina la bandari ile wakati shaba ya Katanga ilikuwa inaondoka hawangeshangaa. Na yule muchimbaji wa Tyrol, sizani pilipili ilifika mara nyingi mu sahani yake.

Neno moja la kando. Kilatini species ndiyo ilizaa maneno mawili ya Kifaransa: épices na espèces. Mu Ufaransa ya zamani, mutu mwenye kesi alipelekea muamuzi épices, mwanzo vitu vitamu na viungo vya kweli, kisha feza kabisa, mupaka Mapinduzi yakaondoa ile desturi. Wakati kamarade anadai alipwe en espèces, haombi pilipili, lakini neno lake lilipita karibu nayo.

Kule Kerala wanapenda kuhadisia kwamba wakati Wareno walianza kubeba miche ya pilipili, watu wa mufalme wa Calicut walikasirika, lakini yeye akawajibu kwamba wanaweza kubeba muti, hawataweza kubeba mvua ya Malabar. Ni hadisi nzuri. Lakini mvua iko pia fasi ingine. Leo Vietnam ndiyo ya kwanza mu dunia kwa pilipili manga. Na mulimaji wa Kerala bei yake haipangi yeye. Kisha mwaka 2000, mu wilaya ya Wayanad, bei ilianguka, ugonjwa ukakausha miti, na walimaji wengi wenye madeni walijiua. Wenye walikuwa Kolwezi na Likasi mwaka 2008, wakati bei ya metali ilianguka na kampuni zikafunga milango, hawahitaji niwaeleze zaidi.

Wazee wa India wanasema nini

Ayurveda maana yake ni maarifa ya maisha. Si dawa moja. Ni namna nzima ya kutunza mwili, na iko na vitabu vya zamani sana, sawa Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vyenye wanganga wa kule wangali wanasoma. Wanasema mu mwili kuko nguvu tatu, vata, pitta na kapha. Mutu ni muzima wakati zimepimana. Kapha ni ile nzito, baridi, yenye maji. Makamasi na makohozi ni kazi yake. Pitta ni moto. Na mu tumbo kuko moto mwingine wa kupika chakula, wanauita agni. Moto huo ukipunguka, chakula kinabakia kibichi ndani na ugonjwa unaanza.

Sasa pilipili manga, kwa jina lao maricha, iko kali, moto, na yenye kukausha. Kwa hiyo wanaipatia mutu mwenye tumbo imelala, mwenye gazi, mwenye hana hamu ya kula, mwenye minyoo. Na kwa upande wa kapha, mutu mwenye kukohola na makohozi mengi na mwenye kupumua kwa taabu. Muchanganyo wenye kujulikana zaidi ni trikatu, "makali matatu": pilipili manga, pilipili ndefu na tangawisi kavu, kila moja kwa kipimo sawasawa, inasagwa unga na kulambwa na buki. Asali kwao si utamu tu. Wanaiita yogavahi, ni kusema yenye kubeba nguvu ya dawa ingine na kuifikisha. Chupa ya yule mama, basi, haikuwa uongo wa muuzaji. Ni mutoto wa trikatu, amekosa tu pilipili ndefu.

Lakini muangalie na jambo hili. Ile kitabu ya Charaka yenyewe inataja vitu vitatu vyenye mutu hapaswi kutumikisha kwa wingi wakati murefu: pilipili ndefu, magadi, na chumvi. Wazee wenye walisifu ile pilipili ndio wenye walionya. Pilipili nyingi inaamsha pitta, na mutu wa vidonda vya tumbo anajua hiyo bila kusoma Kisanskriti. Mu Ayurveda ya kweli munganga anaangalia kwanza mugonjwa: ni kifua gani, ni cha siku ngapi, makohozi ya rangi gani, mutu amekonda ao hapana. Muhindi wa duka hakumuona yule baba hata siku moja. Aliona mama mwenye kuomba, akamupa kile alijua. Simukasirikii.

Mubebaji

Sasa sayansi ya leo. Kitu chenye kinaifanya pilipili manga iume kinaitwa piperini. Mwanasayansi wa Danemark, Hans Christian Ørsted, ndiye aliitosha mu pilipili mu mwaka 1819. Mu mbegu za pilipili kavu ni karibu sehemu 5 mupaka 9 ku mia. Kwa miaka mingi ilionekana kuwa ladha tu. Lakini Wahindi walijiuliza swali zuri: kwa nini ile trikatu inaingia mu dawa nyingi sana za Ayurveda, hata za magonjwa yenye hayana mapatano? Mu miaka ya 1970 watu wa maabara ya Jammu, kaskazini ya India, walianza kupima, na walipata kama pilipili haikuwa inaponyesha yenyewe. Ilikuwa inasaidia dawa zingine ziingie mu damu, na inazuia ini lisiziharibu haraka. Ni mubebaji.

Mufano wenye unatajwa sana: mu mwaka 1998, kule Bangalore, walipatia watu gramu 2 za ile dawa ya manjano ya kurkuma, pamoja na miligramu 20 za piperini. Ile ya kurkuma iliongezeka mu damu mara 20. Wamama wa India walikuwa wanachanganya kurkuma na pilipili mu chungu miaka mingi sana mbele ya maabara.

Na ile ingine inatugusa zaidi. Mu mwaka 2009 India iliruhusu dawa moja ya kifua kikuu, tiberkilozi, jina lake Risorine. Ndani muko rifampisini, izoniazidi, na miligramu 10 za piperini. Juu ya mubebaji huyo, rifampisini ilipunguzwa kutoka miligramu 450 mupaka 200. Wakati nilisoma hiyo nilifikiria mara moja ile chupa ya kahawa. Basi mama alikuwa na sababu?

Hapana, na ndilo jambo lenye nataka kusema polepole. Mu ile dawa, kitu chenye kinaua mikrobe ni rifampisini na izoniazidi. Pilipili bila hizo mbili haiui mikrobe ya tiberkilozi. Mubebaji mwenye hana muzigo anafika mikono mitupu. Na kuko upande mwingine: kama mutu anakunywa tayari vidonge, na kila siku anakula vijiko vya pilipili sawa dawa, ile pilipili inaweza kupandisha dawa mu damu kupita kipimo. Imeonekana kwa fenitoini, ya wagonjwa wa kifafa, kwa propranololi, ya moyo, na kwa teofilini, ya pumu. Vidonge vyenye wanatupatia ku santé vimepimwa bila pilipili. Ile kidogo ya ku mboga ao ku samaki tomsoni haina neno. Lakini kama kuko chupa ku nyumba, mwambie munganga, hata kama atacheka.

Ile vumbi

Nilisema kuko jambo lenye halifurahishi. Kifua cha muchimbaji mara nyingi si kapha, na si baridi ya usiku. Wakati mashini inatoboa jiwe, kunatoka vumbi ya silisi, ndogo sana, na ile yenye hauone na macho ndiyo mubaya zaidi. Inashuka mupaka mwisho wa mapafu na inabakia. Mwili unajaribu kuifunga, na kila fasi inafunga inaacha kovu. Kovu haipumui. Hiyo ndiyo silikozi. Inaweza kuendelea hata kama mutu ameacha shimo, na mupaka leo hakuna dawa yenye inaitosha, ya Wazungu, ya Wahindi, wala ya kwetu. Na mapafu yenye vumbi inafungulia tiberkilozi mulango, kuliko mapafu ya mutu mwenye hakushuka chini.

Pilipili inapita njia ya koo na tumbo. Inachoma, pua inatoka maji, makohozi inalegea, mutu anasikia vizuri saa moja ao mbili. Ni kweli, na kwa kikohozi cha mafua inatosha. Lakini vumbi haiko ku koo. Na huo uzuri wa saa mbili ndio wenye ulinitisha mimi, juu unafanya baba aseme "leo niko muzuri", na anashuka tena.

Kikohozi chenye kimepita majuma 2, tunapaswa kupima makohozi. Dawa za tiberkilozi mu programu ya Serikali ni za bure, na zinachukua miezi 6 kwa ile ya kawaida. Radio ya kifua inaonyesha kovu za vumbi, lakini isomwe na mutu mwenye anaambiwa kwamba mugonjwa ametoboa jiwe. Bila hiyo anaweza kusema tu "tiberkilozi" na kufunga dosié. Nimeona wenye walikunywa dawa ya tiberkilozi mara mbili na hawakuwa nayo.

Juu ya woga wa kufukuzwa, sitauzarau. Mu kampuni moja yenye nilitumika mimi mwenyewe, kamarade watatu walipita radio mu mwezi mumoja na mwezi wenye ulifuata majina yao hayakuwa tena ku liste. Lakini sheria namba 16/009 ya tarehe 15/07/2016, ya usalama wa jamii, iko na sehemu ya hatari za kazi, na magonjwa ya kazi yamo ndani. CNSS haiwezi kulipa kikohozi. Inalipa karatasi: radio, jina la ugonjwa, miaka ya kazi. Mutu mwenye anaondoka bila radio anaondoka na kifua chake tu. Kama unaogopa kufanya radio ku hospitali ya kampuni, ifanye mbele ku ingine, chunga copie ku nyumba, na moja uipatie delegué wako.

Na tunaendelea kudai ile ya kweli: kutoboa na maji ili vumbi isiruke, hewa ya kutosha chini, na maski yenye inafaa kwa vumbi ndogo, si kile kitambaa cha bluu.

Kwa wenye kutaka kuitumikisha

Sikatazi pilipili manga ku jikoni, hata kidogo. Kwa mafua, kijiko cha buki na unga kidogo wa pilipili, ule wenye unashika kati ya vidole viwili, ao tangawisi ya moto na pilipili ndani, inasaidia. Mutoto mwenye hajapitisha mwaka 1 asipewe buki, ni hatari kwake. Mwenye vidonda vya tumbo aache.

Ku soko, ununue mbegu nzima, usage mwenyewe. Unga unaficha mengi. Hata mu mbegu kuko wizi wa zamani: wanachanganya mbegu za papai zenye zimekauka, zinafanana sana. Tupa kiasi mu kopo la maji. Pilipili nzuri inashuka chini, mbegu ya papai mara nyingi inaelea. Mama wangu mudogo alifanya hivyo mbele ya muuzaji, na kulikuwa makelele.

Kisha kuko zile pakiti na vidonge "vya Ayurveda" vyenye vinauzishwa bila munganga. Hapa ninaomba muwe na akili. Mu Ayurveda kuko dawa zenye zinatengenezwa na metali kwa makusudi. Mu mwaka 2004, kule Boston mu Marekani, wanganga walinunua aina 70 za dawa za Ayurveda mu maduka na kuzipima: 14 zilikuwa na plombo, zebaki ao arseniki. Sisi tunakula metali ya kutosha ku kazi, na tunaileta ku nyumba mu nguo. Hatuhitaji kulipa feza ili tuongeze.

Yule baba alikubali mwishoni, kisha bibi yake kuweka ile chupa ku meza na kukataa kuijaza tena. Tulienda watatu, juma ine, ku hospitali yenye haiko ya kampuni. Walimupiga radio, wakamuomba makohozi mara mbili, na munganga aliandika ku fishi miaka yake ya kutoboa jiwe, juu tulisimama pale mupaka aandike. Jibu la makohozi tungali tunalingojea. Wakati wa kutoka, mama alitosha chupa mu sakosi na kumuuliza muforomo kama anaweza kuendelea. Muforomo akafungua, akanusa, akapiga chafya. "Ya ku chai, kidogo, sawa," akasema. "Ya vijiko, ngoja kwanza tuone vidonge gani atapata." Mama akafunga mufuniko na kuirudisha mu sakosi.